Shangazi Waya Chini ya Meza

Kwenye ofisi aliyoiacha walimwita Shangazi Waya, kwa sababu hakukosa waya shingoni. Kutwa nzima jina hilo lilikuwa hewani: Shangazi, mtandao umekata, Shangazi, kompyuta yangu imenuna. Yeye aliinama chini ya meza, akachomoa, akachomeka, na watu wakarudi kazini bila kumtazama usoni. Ndiyo maana aliacha kazi. Alitaka kuulizwa kabla mambo hayajaharibika.

Sasa alikuwa mshauri wa teknolojia wa kujitegemea. Ofisi yake ilikuwa chumba alichokiacha binti yake alipoolewa, na meza ilitazama ukuta wenye alama za gundi za picha zilizobanduliwa. Simu ilikaa kimya mpaka akawa anajipigia kwa simu ya pili, ahakikishe inaita. Akipika chai alitoa vikombe viwili, kisha akarudisha kimoja kabatini.

Hatimaye kampuni moja ya kusafirisha mizigo ikamwita. Meneja alitaka kujua kama wanunue mitambo mipya, na akiridhika na maelezo yake atamchukua awe mshauri wao wa mwaka mzima. Shangazi Waya akavaa koti alilovalia harusi ya binti yake.

Kikaoni alieleza vizuri. Mitambo iliyopo inatosha, alisema, shida ni ofisi nzima kutumia neno moja la siri. Wakuu wa idara wakaanza kuandika. Hapo printa ya katibu muhtasi, hatua chache kutoka hapo, ikakwama na kulia. Kabla hajajua anafanya nini, alikuwa ameshapiga magoti, koti la harusi likifagia vumbi. Akavuta karatasi iliyojikunja, akakaza waya, printa ikatulia. Watu wakacheka kwa raha. Alipoinuka, kalamu zote zilikuwa zimewekwa chini.

"Dada, washauri wamejaa tele," meneja akasema. "Fundi kama wewe ndiye hapatikani. Njoo tukuajiri. Meza yako ile pale, karibu na katibu."

Aliitazama ile meza. Ilikuwa katikati ya watu.

"Asante, bosi. Lakini nilikuja kuwashauri. Ripoti hiyo hapo."

"Basi tutakupigia."

Simu iliita baada ya wiki kadhaa. Akakohoa kusafisha sauti, akapokea. Alikuwa katibu muhtasi.

"Shikamoo, mama. Samahani, hii printa imeanza tena."

"Marahaba. Na ile kazi ya ushauri?"

"Wamempa mwingine, mama. Huyo, printa ikilia, hata shingo hageuzi."

"Izime," Shangazi Waya akasema. "Subiri itulie. Sasa iwashe."

Katibu akashukuru, akaweka simu mezani bila kukata. Printa ilisikika ikianza kazi. Kiti kikaburutwa, mtu akauliza leo ni zamu ya nani kuleta chai, wengine wakamzomea kwamba ni yake, kama kawaida.

Shangazi Waya aliongeza sauti ya simu, akailaza mezani mbele ya ukuta, akakaa kusikiliza.