Pete ya Mwingereza

Gari ile ilikuwa na viti viwili tu, na tangu siku ya kwanza nilipoiona nilijua nani atakaa cha pili.

Ilikuwa gari ya Uingereza, ya mashindano, rangi ya kijani iliyopauka. Ililala miaka mingi katika ghala ya chini ya nyumba moja ya Mji Mkongwe, imefunikwa turubali lililojaa mavi ya popo. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kiarabu aliyerithi nyumba na gari pamoja, na gari aliiita Mwingereza. Asubuhi akishuka ngazi huniuliza, "Mwingereza kaamkaje?" nami humjibu kuwa bado anaumwa. Mtaa mzima ukazoea hivyo. Mapatano yetu yalikuwa mepesi: nikiifufua, mimi ndiye dereva wake, niwe nikiwachukua maharusi wa Kizungu katika mahoteli ya Kiwengwa, ambao hupenda kupigwa picha ndani ya vitu vya zamani.

Mimi shule niliiacha mapema. Sikuwa mjinga, nilikuwa siwezi kukaa. Nungwi nilipeleka wageni kupiga mbizi, Kiwengwa nilinunua mwani, Tunguu nikauza chai katika kantini ya chuo. Hapo Tunguu ndipo nilipojuana na yule binti wa kiti cha pili. Alikuwa akisomea ualimu, na alikuwa na subira ya kusikiliza mtu anayeuliza kila kitu. Mama yake alinipa jina la Leo Hapa. Kila kazi niliyopata nilimtangazia binti kabla haijaanza, na kila moja iliniponyoka, mpaka siku moja akaniambia, bila hasira, "Safari hii usinambie. Niletee nione." Basi ya gari sikumwambia. Nilitaka kazi ikishasimama niwatume wazee wangu wakapose, kisha mimi nipite mlangoni kwao na Mwingereza.

Ugonjwa ulikuwa kwenye gia ya pili. Ukiitia inasaga, kisha inachomoka. Fundi wetu, bwana mmoja wa kutoka bara, alilifungua giaboksi juu ya gunia akanionyesha pete ya shaba, pana kama bangili ya mtoto, ina meno kwa nje na mistari myembamba kwa ndani. Kazi yake ni kubembeleza. Gia mbili zinazunguka kwa kasi mbalimbali, pete inaishika moja mpaka ilingane na mwenzake, ndipo ziingiliane bila ugomvi. Mistari ya pete yetu ilikuwa imelika, imekuwa laini kama kioo.

"Hii haishiki tena," alisema fundi. "Inapapasa tu, kama bwana harusi wa miaka tisini."

Nikazunguka maduka ya vipuri. Waliniletea pete za Kijapani, wakiniapia kuwa pete ni pete. Si kweli. Ikizidi kidogo, inazama mpaka inagusa gia na haina pa kushika. Ikipungua, haiingii kabisa. Mwingereza alikuwa amepimwa kwa inchi, na mji wote ulikuwa ukiuza milimita. Rula ya fundi ilikuwa imefutika namba. Nikakumbuka kuwa mjini kwetu anayepima vidogo kwa uaminifu ni sonara, nikaichukua pete yetu mbovu nikaenda kwake. Akaipima ndani na nje, kisha akanipindia waya mgumu wa kipimo kilekile, ili popote nitakapokwenda nisidanganywe.

Nikiwa hapo hapo kwenye benchi, akaingia mama yake mdogo yule binti, ameleta herini iliyokatika. Alikuwa akikaa Ng'ambo, mbali na mtaa wetu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Weye kwa sonara wafanya nini?"

"Nnatafuta pete."

Uso ukamfunguka. "Alhamdulillahi. Pete ya nani?"

Nilikuwa na furaha zangu, na siri sikutaka kuitoa. "Ya Mwingereza," nikasema.

Sonara akacheka. Yeye hakucheka. Akaniuliza huyo Mwingereza yuko wapi. Nikamwambia yumo ndani, hatoki mpaka pete ipatikane. Akachukua herini yake, haijatengenezwa, akatoka.

Baada ya siku chache nikavuka kwenda Tanga, maana niliambiwa shamba moja la katani lililokufa lina ghala ya vipuri vya magari ya zamani. Mlinzi aliniachia nichakure. Pete ya kwanza ilikuwa ya gari kama yetu, lakini ya miaka ya baadaye. Waya wa sonara ukacheza juu yake. Ya pili ilikuwa bado katika karatasi yake ya mafuta. Niliivisha waya, ukakaa kimya. Nilikaa chini kwenye vumbi, nimeishika kwa mikono miwili, naona aibu kwa furaha niliyokuwa nayo.

Fundi aliipachika, akaikandamiza kwa kiganja na kuizungusha. Ikashika. Pengo lililobaki liliingia ukucha, kama alivyotaka. Siku hiyohiyo nikapata ujumbe wa binti kwenye simu, baada ya ukimya ambao mimi, kwa kushughulika, sikuuona kuwa ni ukimya.

"Pete umepata?"

Nikadhani mama yake mdogo kamnong'oneza habari ya gari, naye anatabasamu huko aliko. Nikamjibu: "Nshapata. Mwingereza imemkaa sawasawa. Ijumaa utatuona sote wawili."

Hakujibu. Nilidhani anaingoja Ijumaa.

Alhamisi ami yangu na mama yangu walikwenda kwao na halua kupeleka posa. Walirudi mapema mno. Halua ilikuwa bado imefungwa. Mama alipitiliza chumbani. Ami aliniambia wale watu washajibu posa nyengine, ya mtu mwenye kazi yake, na mama wa binti ametoa pongezi zake kwa mke wangu wa Kizungu. Akaniuliza mimi, kwa upole, nimeoa lini.

Nikampigia simu binti. Nilimweleza yote, toka mavi ya popo mpaka Tanga. Alisikiliza, kama kawaida yake.

"Kwa hiyo Mwingereza ni gari," alisema.

"Ni gari."

Akacheka kidogo, kicheko kikakatika katikati, kikawa kitu chengine. Kisha akaniambia baba yake kashatoa neno. Mimi najua, na kila mtu kwetu anajua, kwamba mtu haposi juu ya posa ya nduguye. Hata hivyo nikamwuliza yeye mwenyewe, walipomwuliza, alijibu nini.

"Nlinyamaza," akasema.

Kwetu mwari akinyamaza, keshakubali. Nilitaka kumwuliza kama safari hii kunyamaza kulikuwa na maana nyengine. Nikasikia kwa mbali mama yake anamwita.

"Abee," akaitika, kwa sauti yake ya kila siku, kama mtu anayeitwa kuepua chungu. Simu ikakatika.