Nilimzushia Mama Boay Ugonjwa Ili Nile Krismasi Ujerumani

Kosa ni langu. Sikurogwa, sikushauriwa vibaya na mashoga, wala shetani hakunipitia. Nilikaa kwenye kochi langu mwenyewe hapa Bagara, chai mkononi, nikamlaza kitandani mama wa watu ambaye hata mafua hakuwa nayo.

Majina nimeyabadilisha yote, na langu silisemi. Babati ni mji mdogo jamani, ukipiga chafya Bagara unapewa pole sokoni.

Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama kanisani kwetu. Ukatibu niliupata kwa sababu ya Kiingereza. Siyo kingi, lakini kwa kikundi chetu kinatosha na kinabaki. Miaka sita iliyopita alitujia mgeni kutoka usharika rafiki wa Ujerumani, mama wa makamo, nimwite Renate. Alikaa wiki tatu. Kila mmoja alitaka mgeni alale kwake, na mimi nilikuwa nimeshapaka chumba rangi. Basi akaenda kulala kwa Mama Boay, mjane wa kule Singe, mama wa mahindi na mbaazi, asiyejua Kiingereza hata cha kuombea maji. Wakapendana! Unawakuta wanachambua maharage wanacheka mpaka wanashikana mabega, na hujui wanacheka kwa lugha gani. Iliniuma, nisiwadanganye.

Renate aliporudi kwao, mawasiliano yakawa yanapitia kwangu, kwa sababu simu ya Mama Boay ni kitochi, cha kupiga na kupokea tu. Renate ananiandikia Kiingereza, namsomea Mama Boay, akijibu naandika. Kila mwezi hivyo hivyo. Kwa miaka yote hiyo hakuna siku Renate aliniuliza mimi naendeleaje zaidi ya mstari mmoja.

Mwaka jana, mwezi wa tisa, ukaja ujumbe mrefu. Usharika wao umekubaliana kumwalika Mama Boay aje ale Krismasi nao. Tiketi, makazi, chakula, vyote juu yao. Nafasi ni ya mtu mmoja. Mwambie aanze kufuatilia pasipoti.

Niliusoma ule ujumbe mara nne nikitafuta jina langu. Halikuwepo.

Basi nikajibu. Nikaandika kwamba Mama Boay anasumbuliwa na presha, daktari amemkataza safari ndefu, ila kwa upendo wake ameniomba mimi niende badala yake. Nikamalizia kwamba ametuma baraka zake na machozi yake. Machozi yake! Hata mimi nilipoyarudia kuyasoma nilimwonea huruma.

Renate akaingiwa na wasiwasi. Presha imeanza lini? Anakula? Anatembea? Uongo nao haupendi kukaa peke yake, unaita ndugu zake. Ile presha ikashuka miguuni. Mwezi wa kumi nikamshikisha Mama Boay fimbo. Mwezi wa kumi na moja nikamlaza moja kwa moja, hainuki. Siku hiyo hiyo niliyomlaza nikakutana naye sokoni, debe la mbegu ya mahindi kichwani, shingo imenyooka. Nikampa shikamoo yake. Akaitikia, akaniuliza kama Renate hajaandika.

Nikamwambia hajaandika, Mama, unajua Wazungu mwisho wa mwaka wana mambo mengi.

Siku chache baadaye Renate akaandika kwa kifupi: wamelielewa tatizo, wanabadilisha mipango ya tiketi, nisubiri. Sasa wewe ungeelewaje? Mimi nilielewa kwamba nakwenda Ujerumani.

Nikatangaza. Kikundini, saluni, kwa fundi cherehani, hata kwa muuza nyanya ambaye hakuniuliza. Kwamba viza bado sijaomba, hilo halikunisumbua. Nikanunua koti la mtumba, zito, linafika kwenye vifundo vya miguu, nikaanza kulivaa mchana ili mwili uzoee. Mwezi wa kumi na mbili, jua la saa saba, nakatiza stendi na koti la baridi! Watu wakiniuliza mbona natiririka jasho, nawaambia ndiyo utaratibu. Ugali nikaacha, nikawa nakula mkate mkavu. Kila nilichosema kilianza na "kule kwa wenzetu", na mimi nilikuwa sijavuka hata mpaka wa Namanga.

Maagizo yakaja. Shemeji viatu namba arobaini na tatu. Mwenyekiti wetu wa kikundi, sufuria zisizoshika chakula. Mzee mmoja wa kanisa alinivuta pembeni, akaniomba dawa ya kuotesha nywele, akaniapisha nisimwambie mkewe. Wote niliwaahidi.

Mume wangu ni fundi pikipiki, mtu wa maneno machache. Alinivumilia na koti langu mpaka siku moja tukiwa mezani akaniuliza, "Huyo mgeni si alikuwa rafiki wa Mama Boay? Imekuwaje akualike wewe?"

Nikamjibu kwamba mimi ndiye katibu. Akasema sawa, akaendelea kula ugali wake.

Jumapili ya pili ya mwezi huo nikaombewa safari njema mbele ya kanisa zima. Kwaya ikaimba wimbo wa kusindikiza, nikalia vizuri. Baada ya ibada Mama Boay akanifuata na kifurushi. Mbaazi kavu, amezichambua moja moja, amezifunga kwenye khanga mpya ambayo hata yeye mwenyewe hajawahi kuvaa.

"Mpe Renate," akasema. "Mwambie mimi ni mzima, ninamkumbuka."

Nilizipokea kwa mikono miwili.

Sasa sikieni. Zimebaki siku tatu kufika Krismasi, kila mtu ananiuliza naondoka lini, na mimi naitikia wakati wowote, wakati wowote. Simu ikalia ujumbe. Ni Renate. Yuko Arusha! Anaandika kwamba alipokuwa huku sisi wenyewe tulimfundisha kuwa mgonjwa hatumiwi salamu kwa mbali, anafuatwa alipo, anajuliwa hali. Kwa hiyo tiketi ya Mama Boay ameigeuza kuwa yake. Kesho atapanda basi la asubuhi.

Ni kweli tulimfundisha. Mimi mwenyewe nilimpeleka kwa wagonjwa watatu, nikamweleza kwa Kiingereza changu kwamba huku kwetu asiyekuja kukuona ukiwa kitandani hata msibani kwako asije. Nilijisikia msomi siku ile.

Kesho yake, kabla basi halijaingia, nikampigia Mama Boay. Nikamwomba, tafadhali, aingie ndani ajilaze kidogo, ajifunike na blanketi, nitamweleza baadaye.

"Mvua imenyesha, mwanangu," akaniambia. "Nani analala?" Akakata simu.

Renate akashuka stendi amezeeka kidogo, begi mgongoni, jingine mkononi. Nilijaribu. Nikamwambia apumzike kwanza kwangu, nikamwambia mgonjwa huwa analala saa hizi. Hakutaka hata maji. Tukapanda bajaji kwenda Singe, na humo ndani akageuka akaniambia kwa Kiswahili, Kiswahili kabisa, kwamba amekisoma miaka minne, masomo ya jioni, alitaka kumshangaza Mama. Nikatabasamu. Nikaikalia mikono yangu.

Tulimkuta shambani. Gauni amelipandisha magotini, matope mpaka kwenye vigimbi vya miguu, anapanda mahindi na majirani wawili. Renate akatupa mabegi, akakimbia kwenye matuta.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba," Mama Boay akaitikia, na jembe likamtoka mkononi.

Wakakumbatiana pale kwenye matope, Renate analia kama mtoto. Akamwambia ameambiwa hainuki kitandani, kwamba amekuja akijua pengine ni mara ya mwisho. Majirani wakaacha kupanda. Mama Boay akaniangalia kwa juu ya bega la mgeni. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa anafikiri, na aliniangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Nikainamisha macho.

"Nilikuwa mgonjwa," akasema. "Nimepona."

Hapo ndipo mambo yakaharibika vizuri! Kufika jioni Singe nzima wanajua Mama Boay amefanyiwa muujiza. Wale majirani waliokuwa wanapanda naye mahindi wakaanza kukumbuka kwamba kweli, mwezi wa kumi alikuwa amepungua. Mwingine akasema aliwahi kumwona ameshika kiuno. Yule mzee wa dawa ya nywele akasema alioteshwa. Mwenyekiti wa kikundi akanisifu kwa kuikatisha safari yangu nimpokee mgeni na kumwangalia mgonjwa, akasema huo ndio ukatibu.

Siku ya Krismasi kanisa lilifurika mpaka nje. Mchungaji akamwita Mama Boay mbele atoe ushuhuda. Alipanda polepole, Renate amemshika mkono. Akasema, "Nilikuwa siinuki. Mungu ameniinua." Maneno hayo tu. Vigelegele vikapigwa, na mimi nilipiga, tena kwa sauti kuliko wote, maana niliona watu wa kiti cha mbele wananiangalia.

Baada ya ibada akaniita nyuma ya jiko lake. Wali ulikuwa unaiva, wageni wanacheka huko mbele. Nikapiga magoti. Akaniambia ninyanyuke, nitachafua nguo.

"Mgeni ametoka mbali," akasema. "Nilimwona analia, sikutaka alie mara ya pili kwa aibu yako. Lakini nina miaka sabini na mbili, na leo ndiyo mara ya kwanza kusema uongo madhabahuni."

Kisha akanipa sinia, nikapakue.

Mngejua alivyo Mama Boay, mngejua kwamba hilo lilimmaliza. Tangu siku ile hajaenda kwenye Meza ya Bwana. Watu wakinyanyuka kwenda kushiriki, yeye anabaki kwenye benchi, mikono mapajani. Akikohoa tu, mwenyekiti ananikonyeza: mgonjwa wako huyo. Wanasema ugonjwa unarudi, na wiki mbili zilizopita tuliombea miguu yake.

Nilikwenda kwake kuomba msamaha mara ya pili. Akaniambia alishanisamehe pale pale kwenye matope. Ila yeye amewadanganya watu wa kanisa, na hawezi kwenda kuwaambia ukweli bila kunianika mimi. Kwa hiyo anasubiri. Renate amemwalika tena, Krismasi hii, safari hii wamepigiana simu wenyewe bila katibu. Mama Boay amemjibu kwamba hawezi kupanda ndege na jambo hili moyoni. Pasipoti yenyewe hajaanza kuitafuta, na miezi inakwenda.

Na mimi? Mimi nashiriki! Nisiposhiriki watu watauliza. Napanda, napokea, nashuka, na njia ya kurudi kwenye kiti changu inapita mbele ya benchi lake. Huwa ananisogezea miguu nipite.

Wewe unayesoma hapa, kama unaitamani nafasi ya mwenzio, kamwombe kwa mdomo wako. Akikunyima utaumia wiki moja, utakula ugali, utalala. Usimtie mtu mzima kitandani kwa maneno, maana atakayelala hapo siyo wewe, na wala hatakuwa na mahali pa kusemea.

Nimeshamwambia mume wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia mimba ya mwaka mzima sasa ni kuzaa tu, nisimame niseme kanisani. Nimemwahidi nitasimama Jumapili hii. Hata Jumapili iliyopita nilimwahidi hivyo hivyo.