Kibao cha Kisima cha Mama

Mama alipofariki kule Pemba, mimi nilikuwa Marekani, kwenye ghala moja la Shakopee, napanga maboksi. Kwetu maiti huzikwa siku hiyohiyo, kwa hiyo nilipoipokea simu alikuwa ameshafukiwa. Sikumsindikiza hata hatua moja. Ndipo nikang'ang'ania tumchimbie kisima cha sadaka, maana kila anapokunywa kiumbe, thawabu humfikia aliyelala kaburini. Mtoto aliyekosa maziko hutafuta kitu cha kushika, nami nilishika hicho.

Fundi wa visima wa kijijini alimshauri dada yangu mkubwa, anayeishi nyumba ya mama, kwamba kichimbwe juu, kwenye mikarafuu, na maji yatekwe kwa ndoo. Kisiwa ni kidogo, alisema. Maji matamu yamekaa juu ya maji ya bahari, na ukiyavuta kwa pupa bahari inapanda. Tena bahari yenyewe imeshasogea. Bonde tulilolima mpunga utotoni limeingia chumvi, halioti kitu ila majani magumu.

Nilimsikiliza fundi kwa simu namna sisi wa Marekani tunavyowasikiliza watu wa nyumbani: nilisubiri amalize. Nilitaka kisima mlangoni kwa mama, pwani, kila apitaye akione. Nilitaka na pampu ya umeme, tangi na mifereji ya kufungulia maji, wanawake wasivunjike migongo kama mama. Nikaongeza zamu hadi nikanunua pampu kubwa kuliko yoyote aliyoijua fundi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Lakini guu lililovunjika si langu.

Mwaka wa kwanza nilikuwa na furaha ya kijinga. Dada alinitumia video: watu wamepanga ndoo, na ukutani kibao cha bluu chenye jina la mama na maneno niliyoyatunga mwenyewe, kwamba atakayekunywa hapa amwombee. Niliitazama asubuhi za baridi dirishani kwetu Brooklyn Park, huku gari likinguruma peke yake nje ili lipate joto kabla sijalipanda. Nilichoma mafuta nisihisi baridi ya dakika tano, kisha nikaenda kuisikitikia bahari inayopanda kwetu. Nikilifikiri hilo najichukia.

Majira ya baridi haya dada alinipigia nikiwa kwenye mapumziko, nimekaa garini nje ya ghala.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mdogo wangu, nina ombi, na usikasirike. Watu wameniomba tukitoe kile kibao."

Nikamuuliza kibao kimewakosea nini.

"Maji yamekuwa chumvi. Wageni hawajui, wanafungua mfereji, wanaonja, wanatema. Wanatema pale pale, chini ya jina la mama."

"Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani. Tulizima pampu tukidhani yatarudi. Hayakurudi. Na visima vya majirani vimeharibika pia. Sasa tunafuata maji kule juu kwenye mikarafuu, mwendo wa saa nzima kwenda na kurudi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi sana," akasema.

Mbele yangu theluji ilikuwa imerundikwa kwenye kona ya maegesho, ndefu kuliko nyumba ya mama, maji matupu yasiyotakiwa na mtu. Nililia. Nililia kwa hasira kuliko huzuni, kwa sababu nilitaka kumlaumu mtu na kila nilipotafuta nilijikuta mimi. Nilimwendea mama na sadaka, nikaacha mtaa mzima na kiu. Sijui thawabu za kisima huendaje maji yake yanapotemwa. Sikuthubutu kumuuliza hata imamu wetu wa hapa, nilichelea jibu.

"Kitoe," nikamwambia.

"Nikiweke wapi? Kina jina lake, siwezi kukitupa."

"Kiweke uvunguni mwa kitanda chake."

Dada akalainisha sauti, kama mtu anayetafuta namna ya kuninusuru.

"Uvunguni hapafai, mdogo wangu. Siku za bamvua bahari ikijaa sana, maji yanaingia mpaka chumbani kwa mama. Kitanda chenyewe tumekiinua kwa matofali."

"Basi kiweke juu ya kabati," nikasema.

Akasema atakiweka, kwa sasa.