Mita ya Shangazi

Shangazi yangu aliuza bangili mbili za dhahabu ili anunue sola. Siku aliyorudi kwa sonara aliniambia, "Hizi zikenda bure, na wewe unakwenda. Sikuweki humu ndani."

Alikuwa na haki, maana mimi ndiye niliyemtia maneno. Niliacha skuli mapema, nikapaka rangi nyumba za watu, nikabeba mizigo bandarini, nikatengeneza simu, na kila kazi niliiacha nilipoona nimeshaelewa inavyokwenda. Wakati huo nilikuwa nakaa kwake Mji Mkongwe, chumba cha juu. Fundi mmoja wa Mlandege alikuwa amenieleza kwamba ukifunga paneli, umeme unaokuzidi mchana unaingia kwenye nyaya za mtaa, na unalipwa. Shangazi ni mjane, anauza barafu za ukwaju na ubuyu kwa watoto wa chuo cha Kurani, na friza lake linakula umeme usiku na mchana.

"Wanilipe mimi?" aliuliza. "Watu wa umeme? Tangu lini wao wakatoa?"

Fundi alikuja, mtu mpole wa maneno machache. Akafunga paneli sita upande wa bati unaotazama uani, zisionekane njiani. Alipomaliza aliiacha swichi ya sola imeshushwa.

"Hii msiiguse mpaka watu wa umeme waje kubadilisha mita."

Nilimuuliza kwa nini. Alikuwa ameshafika ngazini, ana kazi nyingine Mtoni. "Waje kwanza," alisema.

Siku kumi zikapita, hawajaja. Shangazi akawa anakula huku anatazama dari. "Bangili zangu ziko juu huko zinaota jua," alisema. "Zinaota jua tu."

Mimi nami nilikuwa napanda kila siku kuitazama ile swichi. Nikikatazwa kitu bila kupewa sababu, situlii. Asubuhi moja shangazi alishuka Darajani kununua sukari, nikaipandisha. Taa ya kijani ikawaka. Sikumwambia, nilitaka aone mwenyewe yuniti zake zinavyokaa.

Hazikukaa. Yuniti zilizokuwa zikimtosha wiki nzima ziliisha kwa siku tatu. Akanunua nyingine, nazo zikaisha vilevile.

"Mwizi huyo," alisema shangazi. "Fundi wako katoboa waya, anawapelekea hoteli ya nyuma."

Nikaamini. Nilizifuata nyaya zote kwa vidole, kutoka darini mpaka kwenye mita, nikitafuta pale zilipochepuka. Sikuona kitu, na kutoona kitu kukanizidishia shaka: nilidhani kaficha vizuri. Nikaenda Mlandege, nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba anaiba umeme wa mwanamke mjane.

Alinitazama bila hasira. "Swichi nimeiacha chini," alisema. "Umeme gani huo nnaouiba?"

Nikageuka, nikaondoka. Njia nzima nilijiambia kwamba hilo ni jibu la mjanja.

Siku ya pili, mchana, shangazi alipolala, nilizima kila kitu: friza, feni, taa, hata chaja ya simu. Nikasimama mbele ya mita. Ina kitaa chekundu kinachopepesa umeme unapotumika. Nyumba nzima ilikuwa imezimwa, na kitaa kilikuwa kinapepesa mbio kuliko wakati friza linapofanya kazi. Nikavuta kiti, nikakaa. Mara uani kukaingia kivuli. Wingu lilikuwa limelifunika jua. Kitaa kikapunguza mwendo, kikawa kinapepesa kivivu. Wingu likaondoka, nacho kikaanza kukimbia tena.

Mita ilikuwa inahesabu jua. Ilikuwa ya zamani, inajua tu kwamba umeme unapita, haijui kama unaingia au unatoka. Kila tulichowapelekea watu wa umeme, ilituandikia kuwa tumekitumia, na shangazi alikilipia. Fundi alikuwa ametukataza kwa sababu hiyo.

Nilipanda nikaishusha swichi, kisha nikakaa ngazini. Shangazi alikuwa ameshamhukumu fundi. Ningenyamaza, mita mpya ingekuja, na lawama ingebaki Mlandege. Nilifikiri hivyo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Alipoamka nikamwambia. Alisikiliza huku akifunga barafu kwenye vifuko.

"Uliigusa."

"Niliigusa, shangazi."

"Kisha ukenda ukamtukana mtu wa watu."

"Ndiyo."

"Basi anza kwake. Ukirudi, chukua nguo zako."

Nilimwomba fundi radhi mbele ya wateja wengine, kwani wale wa siku ile hawakuwapo. Alisema "haya", akaendelea kukaza skrubu. Nguo nikazipeleka Tunguu, kwa rafiki yangu aliyekuwa akipaka rangi vyumba vya kupangisha wanafunzi.

Wiki ya tatu simu ikalia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Wameleta mita yao. Ina namba mbili. Wanasema moja ya kuingia, moja ya kutoka. Mimi siwaamini. Njoo."

Nilimkuta amekaa mbele ya mita, miwani puani. Nikamwonyesha: jua likizama friza linavuta, namba hii inapanda; jua likikolea inapanda ile. Mwezi ukiisha wanatoa hii kwenye ile, kinachobaki wanakulipa.

"Na huko ofisini kwao, nani anaitazama hii ya kutoka?"

Nilisema sijui.

"Na wakiipunguza?"

"Sijui, shangazi."

Alivua miwani. "Chumba cha juu kitupu," alisema. "Wewe kuchungulia huwezi kuacha. Basi chungulia hii, asubuhi na jioni, mpaka walipe."

Mwezi wa kwanza walilipa. Shangazi aliisoma meseji mara mbili, akanipa nami niisome. Akasema mwezi mmoja si kitu, nikae, tuwaone na wa pili.