Risasi Kumi na Moja za Mark 4

Siku ile tulikuwa tunachambua mbegu za maharage uani kwetu, Heru Juu, Kasulu. Ulikuwa mwaka 2013, mvua za kwanza zilikuwa karibu. Baba amekaa kwenye kigoda, mimi kwenye mkeka, ungo katikati yetu. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo Dar es Salaam miezi michache nyuma, sina kazi, na kila kitu nilikiona cha kuhojiwa. Kwa nini tunapanda mbegu zilezile? Kwa nini kanisani wanaume wanakaa upande wao? Kwa nini mgambo anapewa bunduki iliyomzidi umri?

Hilo la mwisho lilimhusu yeye. Baba alikuwa mgambo wa kijiji. Serikali ilimkabidhi Mark 4, bunduki ndefu ya mbao ambayo kabla ya kila risasi lazima uvute kitasa kwa mkono, na risasi kumi na moja. Chini ya kila ganda palikuwa na namba za mwaka. Nilizisoma zote. Hakuna iliyotengenezwa baada ya yeye kuzaliwa.

"Mwana wanje," akasema, mwanangu kwa Kiha chetu, akinipa kopo tupu la maziwa ya unga, "unyevu unakuja. Risasi ziweke mama yako alipokuwa anaweka mbegu."

Mama alikuwa amefariki miaka minne nyuma. Mbegu zake alizichanganya na majivu, akazipandisha kwenye uchaga juu ya meko, moshi ukafukuza wadudu na joto likafukuza ukungu. Hazikuwahi kuharibika. Nikazilaza risasi kwenye majivu ndani ya kopo, nikafunika, nikalipandisha uchagani. Mimi niliyehoji kila kitu, hilo sikulihoji.

Moto uliwaka chini ya kopo lile kwa karibu miaka miwili.

Redioni walisema ni ujambazi wa kutumia silaha. Sisi tuliita vita. Ukishafika mahali ambapo mama anayechuma mchicha anasikia milio ya mfululizo mlimani na kusema, bila kuinua kichwa, "Hiyo SMG," sijui uite nini kingine. Mwaka 2015, watu walipoanza kuvuka kwa wingi kutoka Burundi, milio iliongezeka, na wengi wakasema ni wakimbizi wanaoteka magari. Niliuliza ni nani aliyewaona. Hakuna aliyewaona. Wafanyabiashara waliokwenda gulio la Makere wakaanza kuondoka kwa msafara, mgambo mmoja juu ya mzigo wa gari la mbele. Mara nyingi alikuwa baba.

Mmoja wa waliovuka alikuwa Salvatori. Alikuja kutulimia mihogo kwa kibarua. Huko kwao aliwahi kuwa mwanajeshi, lakini alishika jembe kama mtu aliyelikosa kwa muda mrefu. Kwa vile Kiha na Kirundi vinasikilizana, yeye na baba walitaniana tangu siku ya kwanza.

"Muzee, hii si bunduki," alisema mchana mmoja tukila mihogo ya kuchemsha. "Hii ni mwiko wa kusongea ugali."

"Wewe Mrundi! Bunduki zenu zinamwaga risasi kama mtu anayekojoa njiani. Hii yangu inachagua."

"Inachagua, ndiyo. Ikimaliza kuchagua, unanunua wapi nyingine?"

Baba alicheka, akamsogezea chumvi.

Mimi sikucheka. Nilimuuliza Salvatori kwa nini risasi ya SMG imejaa kila mahali na ya baba imepotea. Ni bora zaidi?

Alifikiri. "Eka, si bora. Ya Muzee inakwenda mbali na inanyooka. Lakini ile ya SMG, ganda lake limechongoka kidogo kuelekea mbele. Hata bunduki ikijaa matope inaingia, na inatoka. Hata mtu asiyefundishwa anaiweza." Akamega kipande kingine. "Halafu kuna hili. Adui yako akianguka, risasi zake zinaingia kwenye bunduki yako. Sisi hatukuchagua, dada. Tuliokota. Anayekufukuza anaokota zako, wewe unaokota zake, na vita inaendelea."

Usiku ule nilimsumbua baba. Nilimwambia ajaribu risasi moja, moja tu, kule bondeni, aone kama bado inafanya kazi.

"Nikijaribu moja ikalia, nitajua nini? Kwamba hiyo moja ilikuwa nzima."

"Jaribu mbili."

"Nikizijaribu zote nitajua zote zilikuwa nzima, na sitabaki na hata moja. Hayo ndiyo mliyofundishwa chuo?"

Nilikasirika kwa sababu alikuwa sahihi. Nikalala nikiwaza kwamba labda risasi inayopendwa ni ile ambayo mtu anaweza kuipoteza. Mwenye SMG anapiga hewani harusini na kesho anapata nyingine, basi anaijua bunduki yake. Baba alikuwa na kumi na moja, akazitunza hivi kwamba hakuweza kuzijua.

Siku ya gulio nilipanda gari lilelile la mbele, nikakaa kando ya baba. Tulikuwa na magunia matatu ya maharage ya kuuza. Baba alikaa juu ya mzigo, tano zikiwa ndani ya bunduki, sita mfukoni, begani ameweka kanga yangu kwa sababu ya baridi ya asubuhi. Alikuwa anamweleza utingo namna ya kumtambua ng'ombe mwenye minyoo.

Baada ya kona ya pili tangu tuache nyumba za mwisho, palikuwa na gogo barabarani.

Dereva akasimama.

Walitoka majanini watu wawili. Mmoja alikuwa na SMG. Hakuwa ameinyanyua bado.

Baba alinisukuma kati ya magunia. Nikasikia akivuta kitasa na kukirudisha.

Tak.

Mlio mdogo, kama wa mtu anayevunja njiti. Akavuta tena. Risasi mbovu ikaniangukia mgongoni.

Tak.

Mara ya tatu sikuisikia, kwa sababu yule mwenye SMG alipiga, na baba akaanguka barabarani na bunduki yake.

Magari ya nyuma yalirudi kinyumenyume. Sisi tulishushwa. Walichukua simu na pesa, haraka, bila matusi. Mwenye SMG aliokota Mark 4, akaigeuza, akafungua kitasa, akatazama ndani. Alikuwa kijana kama mimi.

"Ya babu hii," akamwambia mwenzake kwa Kiha, Kiha chetu kabisa, cha hapa Kasulu. "Risasi zake utazipata wapi?"

Akaitupa kando ya baba, na hakuitupa kwa nguvu. Wakaondoka.

Baba alikuwa amepigwa nyongani na tumboni. Tulimlaza juu ya maharage, tukageuza gari. Njia nzima nilimshikilia kanga kwenye jeraha, naye njia nzima ananiuliza kama mimi nimeumia.

Siku ya pili wodini Kasulu alikuja afande kuandika maelezo. Alikuwa mtu wa Mara, mpole, alivua kofia kabla ya kuketi. Aliuliza kuhusu gogo, watu, nguo zao. Kisha akauliza:

"Risasi tatu hazikulia, mzee. Ulikuwa unazihifadhi wapi?"

Nilifungua mdomo. Baba alinitangulia.

"Chini ya godoro langu, afande. Ndani ya mfuko wa nailoni."

"Kuna mtu mwingine aliyekuwa anazigusa?"

"Nani aguse mali ya serikali? Mimi mwenyewe."

Baba hakuwa mtu wa kusema uongo. Nilimtazama nikidhani ni homa. Hakuwa na homa. Ndipo nikaelewa kwamba, kitandani pale, alikuwa amekwisha kuliwaza jambo ambalo mimi sikuwa nimeliwaza bado.

Afande alimsomea maelezo. Baba akatia dole gumba.

"Na wewe binti, una la kuongeza?"

Baba alikuwa ananitazama, kama alivyonitazama zamani mbele ya wageni nilipotaka kusema mambo ya ndani.

"Sina," nikasema.

Alifariki kesho yake alfajiri.

Salvatori alikuja msibani, akachimba kaburi na vijana wa kijiji. Baada ya maziko nilimweleza kuhusu uchaga na meko. Alipangusa udongo mikononi.

"Joto linaua fataki, ile inayowasha baruti," alisema. "Lakini zile zilikuwa zimezeeka, dada. Inawezekana zilikufa kabla hujazishika. Ungetakiwa uzipige ndiyo ujue."

Zilizobaki afande alikuwa amezichukua ndani ya bahasha. Sijui ziko wapi, na sidhani kama kuna mtu atakayepata sababu ya kuzipiga. Kwa hiyo sitajua. Nimejifunza kuishi na swali hili moja bila kulisukuma.

Yale maelezo sikuyasahihisha. Hadi leo, katika faili moja la polisi Kasulu, imeandikwa kwamba risasi zilikaa chini ya godoro, na hakuna jina jingine ila la baba.