Mimi ni bingwa wa besiboli, ukweni Msimbu wakaniona mwongo

Wakuu, habari za mchana. Hili nimekaa nalo muda, leo nalitua. Limenikuta mwenyewe, sijahadithiwa, na chumvi sijaongeza. Mwenye haraka apite tu.

Niko Mkuza, Kibaha. Nacheza besiboli.

Ndiyo, hapa hapa Tanzania. Hapana, siyo kriketi. Na yule atakayesema ni rede, ule mchezo wa mabinti wa kukwepa mpira, ila ya wanaume, nimeshamsikia, wenzake ni wengi.

Nilianza shuleni. Mwalimu mmoja wa kujitolea alikuja na mipira midogo migumu, glovu, na yale marungu ya kupigia, bat. Kwenye football mimi nilikuwa wa kuokota mipira. Lakini siku ya kwanza kushika bat, niliupiga mpira ukavuka uzio ukaangukia shamba la mihogo la jirani. Tuliutafuta mpaka tukakata tamaa. Mwalimu wala hakukasirika, alikuwa anacheka peke yake.

Tangu hapo nikawa mpigaji. Mashindano ya taifa nimetoka mpigaji bora mara kadhaa. Nikaitwa timu ya taifa, nikapanda ndege kwenda kucheza nje. Wapinzani wakiona nashika bat, wanarudi nyuma wenyewe bila kuambiwa. Yaani legend, bila utani.

Shida ni kwamba wote wanaoujua huu mchezo unaweza kuwaalika kwenye sufuria moja ya ubwabwa na ukabaki.

Nimewahi kushuka stendi na medali shingoni, jamaa akaniuliza nauza bei gani. Nimechoka, wakuu. Siyo mwili, nimechoka kueleza.

Ndipo nikampata Zuhura. Yeye alikuwa mrushaji wa softball, mchezo unaofanana na wetu ila mrushaji anapitisha mkono chini. Tulikutana kambini. Kwao ni Msimbu, Kisarawe. Kwa mara ya kwanza nikawa na mtu ambaye simwelezi kitu.

Nikamtuma mjomba awe mshenga. Na kazi ya mshenga mnaijua, kupamba. Mjomba akapamba akapitiliza: kijana wetu ni bingwa wa taifa, nchi nzima inamjua.

Hapo ndipo alipoharibu. Mzee Kibwana, baba yake Zuhura, akitoka shamba anakaa na redio yake kusikiliza michezo.

Siku ya kupokea jibu la posa, na mimi nikaitwa. Kwa kawaida mposaji anabaki kwao kusubiri. Nikajua kuna jambo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kaa. Mshenga wako anasema nchi nzima inakujua. Mimi habari za michezo sikosi, na wewe sijakusikia. Maskini nitampa mwanangu. Mwongo simpi."

Mjomba akaangalia mkeka. Nikatoa medali. Mzee akaigeuzageuza.

"Hizi Kariakoo zimejaa. Haya, tuonyeshe huo mchezo wenyewe."

Ukaletwa mpini wa jembe na machungwa mabichi. Kaka yake Zuhura akawa mrushaji. Chungwa moja likapita juu ya paa, jingine likampata mjomba begani (hilo lilinifurahisha kidogo). Hakuna hata moja la kupiga. Watu wakaanza kunong'ona, na mimi naona kabisa mke anaondoka.

Siku kama hiyo binti haonekani, anakaa ndani na mashangazi. Mara pazia likafunguka, Zuhura huyo na khanga zake, shangazi anamvuta nyuma.

"We mtoto, rudi ndani, unatuaibisha!"

Hakugeuka. Akaokota machungwa. "Baba, hawa hawajui kurusha. Acha nirushe mimi."

Mzee akasogea pembeni. Tukachukulia ni ruhusa.

Nikashusha pumzi. Huyu ananipenda, nikajua atanirushia laini.

La kwanza nikapiga hewa. La pili hewa. La tatu sikuliona kabisa, nilisikia tu limegonga ukuta nyuma yangu.

Kwa sheria zetu hapo nimetoka. Watu wakaangua kicheko. Uchovu wa miaka yote ukanishukia pale pale. Ningeweza kusingizia mpini, au jua. Nguvu za kusingizia sikuwa nazo. Nikauweka mpini chini.

"Mzee, amenitoa. Halali kabisa."

"Mpini haukuwa mbaya?"

"Hapana mzee. Amerusha vizuri kuliko nilivyoweza kupiga."

Mzee Kibwana akamgeukia mjomba. "Mwongo ni wewe. Huyu kijana hapana. Posa tumeipokea."

Mjomba akashukuru huku anasugua bega.

Baadaye nikamuuliza Zuhura kwa nini hakunirushia laini. Akasema, "Ili nimdanganye baba? Tungekuwa waongo wawili."

Nilichojifunza: ukimtuma mshenga, mpe na kiasi cha kusema. Na ukishindwa, kubali mapema, inapunguza maelezo.

Tumeshaoana. Juzi tulikuwa Msimbu, mama mmoja nisiyemjua kabisa akanisimamisha njiani. "Wewe si ndiye yule aliyeshindwa kupiga machungwa ya mkewe?"

Nikamwambia ndiye. Wakuu, nimecheza miaka yote hii, huyo ndiye mtu wa kwanza kunitambua barabarani kwa sababu ya besiboli.

Na wewe mwenye fani ambayo kwenu hawaijui, ukweni ulijielezaje? Tiririka hapo chini, nasoma zote.