Kanzu Aliyojishonea Baba

Baba ni fundi cherehani. Dada alipochumbiwa, baba alijishonea kanzu ya kumuozeshea kabla hata mahari hayajatajwa. Darizi ya shingoni aliitia kwa mkono, wiki tatu nzima. Kisha tumbo likaanza kumjaa maji, maana ini lake limechoka siku nyingi, na kanzu ikagoma kushuka mbavuni.

Hospitali mimi ndiye niliyekwenda naye. Dada ana kazi hotelini Kendwa, na mimi hushinda na baba kibandani nikitia vifungo, huku nikiliwaza duka langu la kesho, lenye kioo mbele na feni mbili. Daktari, mama mmoja mpole, alimwandikia vidonge vya maji, vya kumfanya ayakojoe yale yaliyozidi. Chumvi apunguze, akasema, na kila asubuhi apimwe uzito.

"Nusu kilo kwa siku inatosha. Akishuka zaidi ya kilo, msifurahi. Njooni."

Nyumbani hatuna mizani. Muuza mchele wa pale kwenye kona anayo, ya magunia. Basi kila asubuhi baba alipanda juu yake na kikoi chake, na wanywa kahawa wa barazani hawakumwacha.

"Gunia la leo zito?"

"Basmati hii," baba anajibu. "Nyie mnajua mchele rahisi wa mapembe tu."

Mimi naandika kilo kwenye daftari la vipimo vya wateja, ukurasa wake, kati ya mabega ya mtu na shingo ya mwengine. Siku za mwanzo alishuka pole pole, kama tulivyoambiwa.

Wiki moja kabla ya harusi akashuka kilo moja na nusu kwa siku. Baraza zima likapiga makofi. Na mimi nikapiga. Kesho yake tena kilo na nusu, na mimi, kwa furaha, nikachora ua pembeni ya namba. Ya daktari niliyasahau kabisa. Nilikuwa namwona babaangu anarudi.

Mchana ule alivaa kanzu, ikapita. Akajizungusha mara moja, akashika meza, akakaa. Misuli ya miguu ikambana. Jirani akaleta dawa ya maumivu; nikamwambia ahsante, daktari kakataza asinywe chochote bila ya kuulizwa. Hilo angalau nililikumbuka.

Baba akanitazama kwa upole.

"Mwanangu, hivi huyo anayemuoa dada yako ni mtoto wa nani?"

Nikacheka. Mzaha ndio kazi yake. Halafu nikauona uso wake, anasubiri jibu kweli. Na yeye ndiye wali, ndiye atakayemuoza.

Nikachukua pakiti ya vidonge, nikahesabu. Vimepungua mno.

"Baba, unakunywa vingapi?"

"Viwili viwili. Kama pindo, likizidi urefu unakunja mara mbili."

Sikungoja. Nilimvisha viatu mwenyewe, tukaenda hospitali saa ile ile. Walimtoa damu, wakamlaza siku nne. Daktari alinieleza: maji yametoka kwa kasi kuliko mwili unavyoweza, figo zimekaukiwa, chumvi za damuni zimevurugika, na ini bovu likibanwa hivyo hata akili hutibuka. Vidonge akavisimamisha. Alipotengemaa akavirudisha, kipimo kidogo.

Akafungua daftari langu nililokuja nalo.

"Hili ua la nini?"

"Nlidhani anapona," nikasema, na machozi haya hapa.

Hakunigombeza. "Siku nyengine ukiona hivi, usichore. Nipigie simu."

Usiku wa kumrudisha nyumbani nilifumua kanzu pande zote mbili, nikatia vipande vya kitambaa. Nyeupe yake haikuwiana na ile ya mwanzo, ndiyo niliyoipata. Asubuhi baba akainua mkono wa kanzu, akaikagua kama ya mteja mbishi.

"Kazi yangu ya wiki tatu umeiharibu."

"Nimeiachia, baba. Mwili usiifuate kanzu tena."

Akapitisha kidole ubavuni. Kisha: "Mshono wako umepinda hapa."

"Umenifunza wewe."

Siku ya ndoa yenyewe nilimkuta keshafunga kikoi. "Twende gunia likapimwe kwanza," akasema. Amepungua nusu kilo. Barazani mtu akataka kupiga makofi, baba akamnyooshea kidole: "Ngoja." Niliandika namba tu.

Baada ya alasiri, mimi na wanawake tulijibanza nyuma ya pazia. Baba ameshika mkono wa bwana harusi, tumbo lipo, limetulia ndani ya kanzu yake pana. Akamtaja dada. Akamtaja kijana, na baba yake kijana, na mahari, kimoja baada ya kimoja, hakusita pahala. Shangazi akaninong'oneza mbona ubavuni pana rangi mbili.

Nikamnyooshea kidole, angoje. Nlikuwa nnasikiliza.